Malori Madogo Yahifadhiyo Makubwa

Wahenga wetu walinena, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Neno hilo walilisema juu ya vyombo vya baharini. Mimi leo nataka kulichukua nilipeleke barabarani, tena barabara za mbali, za Marekani. Huko wako watu wazima, wenye wake na watoto na wengine wajukuu, ambao usiku hukaa mezani wakaunda malori ya trela ambayo kichwa chake hakizidi sana shubiri moja.

Najua msomaji atauliza: mtu mzima na vitu vya kuchezea, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na makala haya ni jawabu lake.

Kazi hii ina historia. Mwaka 1948, katika jimbo la Michigan, ilianzishwa kampuni iitwayo AMT. Mwanzo iliunda magari madogo ya kuwekwa madukani ili mnunuzi aone umbo la gari jipya kabla hajatoa fedha zake. Hatimaye ikaanza kuuza visanduku vya vipande, mtu ajiundie mwenyewe. Mwaka 1958 ikatoa visanduku ambavyo gari moja liliweza kuundwa kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, au la mashindano, au lililorembwa kwa matakwa ya mwenyewe. Ruhusa hiyo ya tatu ndiyo iliyozaa ufundi wote ninaousimulia hapa.

Malori makubwa yaliingia visandukuni mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970: Peterbilt 359, Kenworth, White Freightliner. Ulikuwa wakati ambao dereva wa lori alionekana shujaa huko kwao. Kati ya 1974 na 1976 televisheni ilionyesha mchezo wa madereva wawili na Kenworth yao, ulioitwa Movin' On, na lori lao likauzwa dukani likiwa vipande. Mwanzoni mwa 1976 wimbo wa msafara wa malori, "Convoy", ulishika nafasi ya kwanza nchini humo.

Mpwa wangu anayeishi huko aliniletea kisanduku kimoja alipokuja likizo. Ndani mna vipande zaidi ya mia, vimeshikana na vijiti vya plastiki mfano wa matunda tawini. Plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikatolewa. Kalibu hizo zina umri mrefu. Jina la AMT leo liko mikononi mwa kampuni ya Round 2 ya jimbo la Indiana, nayo hutoa tena malori yale yale ya miaka ya 1970, mengine kwa kalibu zile zile.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kwanza vipande huoshwa kwa maji ya sabuni, maana mafuta ya kalibu hukataa rangi. Halafu hukatwa kimoja kimoja kwa kisu chembamba, vikapigwa tupa na msasa mpaka mstari wa kalibu ukatoweka. Gundi yake si ya kubandika tu kama ile ya karatasi. Huyeyusha plastiki pande zote mbili, vipande viwili vikawa kitu kimoja, na aliyekosea hana pa kurudi. Bampa na mabomba ya moshi hung'ara kwa utando mwembamba wa alumini. Asiyeutaka mng'aro huo hukitosa kipande ndani ya jiki, utando ukatoka.

Kipimo ni moja kwa 25, yaani sentimita moja mezani ni sentimita 25 barabarani. Trela la futi 40, ambalo ni kama mita 12.2, huwa sentimita 49 hivi. Italeri, kampuni ya Italia, hutumia moja kwa 24, na trela lilo hilo likafika karibu sentimita 51. Sentimita mbili si kitu kwa mpita njia, lakini fundi mwenye jicho atakwambia mara moja kwamba trela hili si la kichwa hiki.

Basi aliyejua kuunganisha vipande ni mwanafunzi. Fundi hasa hujulikana anapoanza kukata. Huikata chasisi katikati akairefusha. Huchukua vipande vya visanduku viwili akatoa lori moja ambalo halikuuzwa na duka lolote. Hujenga kwa karatasi za plastiki chumba cha kulala nyuma ya kiti cha dereva. Kati ya kichwa na trela hupitisha mipira mitatu kwa nyaya laini, kila mmoja na rangi yake kama Marekani wafanyavyo: wa buluu wa breki za kila siku, wa kijani wa umeme, na mwekundu wa upepo ambao ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe. Mwisho husaga chaki za rangi akalipaka lori vumbi, kwa sababu lori safi kupita kiasi ni lori ambalo halijafanya kazi.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha malori kutoka Kilindini hadi Kampala kwa miaka mingi, alikuja kulitazama langu. Aliligeuza mkononi, akatikisa kichwa.

"Maalim, hili pua lake refu mno. Yetu sisi yalikuwa bapa. Dereva umekalia injini, moto wote miguuni."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hata Marekani yalikuwako ya bapa, tena mengi."

Na kisa chake ni hiki. Zamani majimbo mengi ya huko yalipima urefu wa lori lote, kutoka bampa ya mbele hadi mkia wa trela. Kila futi ya boneti ilikuwa ni futi moja ya mzigo iliyopotea, kwa hivyo matajiri wakataka malori yasiyo na pua. Mwaka 1982 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyozuia majimbo kupima urefu wote katika barabara kuu. Kikawa kinapimwa kitu cha nyuma tu, yaani trela. Pua ikarudi, na malori bapa yakatoweka kidogo kidogo, hata leo ni nadra kuliona moja likivuta mzigo huko. Ulaya bado hupima urefu wote, ndiyo maana malori yao yangali bapa, na sisi tuliopata mengi yetu kutoka Uingereza, Ulaya na Japani tukabaki na umbo hilo. Kijana wa Kimarekani anayetaka kulijua lori bapa la babu yake humfaa kisanduku kuliko barabara.

Wala si malori peke yake yaliyokwenda. Consolidated Freightways, iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka 1929, ilikuwa kampuni ya uchukuzi iliyofika daraja ya kujiundia malori yake yenyewe, na huko ndiko lilikotoka jina la Freightliner. Tangu 1981 Freightliner iko chini ya Wajerumani wa Daimler, nayo ingali hai. Mama yake alikufa Septemba 2002, na zaidi ya watu 15,000 wakakosa kazi. Lakini mezani jina hilo halijafutika. Wako wanaochapa maandishi madogo ya makampuni yaliyokufa, ya kulowekwa majini na kubandikwa mlangoni mwa lori dogo. Mtoto wa dereva huyanunua, akatia rangi ile ile, na namba ya lori lile lile alilomwona baba yake akishuka.

Sisi watu wa Pwani tusilicheke jambo hili. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka katika karne iliyopita. Nani kati yetu aliyeupanda? Umbo lake tunalijua kwa picha, kwa maandishi, na kwa mitepe midogo iliyoundwa na mafundi, ambayo mingine imehifadhiwa makumbusho, Lamu ikiwamo. Zanzibar walipotaka kuunda mtepe mzima mwaka 2003 katika Beit al-Ajaib, hapakuwa na mtepe mzee wa kuigiza; ilibidi warejee kwenye kumbukumbu kama hizo. Mkubwa ulizaliwa upya kutokana na mdogo. Wala asije mtu akaniambia habari za sanamu: lori halina roho, kama mtepe usivyokuwa nayo.

Sasa natazama barabara yetu wenyewe, Mariakani, Voi, Mtito Andei. Malori ya zamani yaliyoipanda, yenye majina na methali mikiani, mengi yameuzwa kwa kilo kama vyuma vikuukuu. Tangu 2018 treni ya SGR inachukua makontena, na madereva wengi wa Mombasa wamelalamika kukosa safari. Wazee walioendesha zamani wanatutoka mmoja mmoja, Mungu awarehemu waliotangulia.

Ufundi hatukuukosa. Watoto wetu huunda lori la waya lenye usukani unaogeuka, na fundi wa Lamu anayechonga jahazi la kuuzia wageni hashindwi na kichwa cha Leyland. Kinachotakiwa ni kukaa na mzee angali hai, na utepe wa kupimia na daftari, umuulize: lilikuwa la rangi gani, liliandikwaje nyuma, tanboi alikaa wapi, kamba za turubai zilifungwaje. Jirani yangu ameahidi kunichorea lake Ijumaa baada ya sala. Boneti hana haja ya kuichora. Lakini ameniambia nitafute rangi ya kijani kibichi, na nisisahau debe la maji lililoning'inia ubavuni.