Zoni: jina la utawala lililohamia hospitalini

Muulize mzee wa Mangina, mashariki mwa Kongo, alizaliwa wapi, naye atajibu bila kusita: zoni ya Beni. Muulize muuguzi kijana wa hapohapo anafanya kazi zoni gani, atakwambia Mabalako. Wote wawili wanasema kweli, ingawa wanataja vitu viwili tofauti, na sheria ya leo ya mipaka ya utawala haitaji zoni hata moja.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu usultani na sekta: usultani wa Bashu na wa Watalinga, sekta za Beni-Mbau na Ruwenzori. Sehemu hii inapanda ngazi moja, hadi teritwari ya Beni, inayozibeba zote nne. Hiyo ndiyo iliyoitwa zoni.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, lenye maana ya mshipi wa kiunoni. Lilipitia Kifaransa likafika Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Enzi za Dola Huru la Leopold II, kabla ya 1908, wilaya kubwa za kaskazini na mashariki zilikatwa vipande vilivyoitwa zoni; Uele ilikuwa nazo kadhaa, na jirani ya Beni kulikuwa na zoni ya Haut-Ituri. Amri ya kifalme ya tarehe 28 Machi 1912 ikaigawa koloni katika wilaya 22, na kila wilaya katika teritwari. Zoni ikasahaulika kwa miongo sita.

Aliyeirudisha ni Mobutu. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilibadili majina ya ngazi zote: jimbo likawa rejo, wilaya ikawa su-rejo, teritwari ikawa zoni, nao usultani na sekta zikaitwa kolektivite. Bwana AT, yule msimamizi wa teritwari, akawa komiseri wa zoni, na papo hapo kiongozi wa chama cha MPR katika eneo lake. Hapo ndipo neno lilipoingia majumbani. Lilikuja pamoja na salongo, ile kazi ya umma ya lazima, pamoja na kodi ya CPM, pamoja na mihuri kwenye vyeti vya shule. Hata sensa ya Julai 1984, ambayo hadi leo ndiyo ya mwisho nchini, ilihesabu watu zoni kwa zoni. Kizazi kizima kilipata karatasi zake za kwanza chini ya jina hilo.

Baada ya Mobutu kuanguka Mei 1997, majina ya zamani yalirejea, na amri ya tarehe 2 Julai 1998 ikayathibitisha.

Mabadiliko hayo yote yana faida moja ambayo watu wachache huitumia. Karatasi isiyosomeka tarehe inaweza kujulikana umri wake kwa maneno yake. Ikiandikwa Zoni ya Beni, Su-rejo ya Kivu Kaskazini, Rejo ya Kivu, basi ni ya kati ya 1973 na 1988, kwa kuwa Julai 1988 Kivu iligawanywa sehemu tatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ikiandikwa Rejo ya Kivu Kaskazini, ni ya miaka ya mwisho ya Mobutu. Lakini "Jimbo la Kivu Kaskazini" lichunguzwe vizuri: jimbo lenye jina hilo lilikuwepo pia kati ya 1962 na 1966. Katika nchi ya Beni, ambako kesi za mashamba hazikauki, tofauti hiyo si ndogo.

Na zoni ya muuguzi? Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipanga huduma za afya katika zoni 306, kila moja na hospitali kuu, ofisi yake na daktari wake mkuu, ikilengwa kuhudumia watu laki moja au zaidi. Leo zimefika 519. Mipaka yake haikufuata ile ya makomiseri. Teritwari ya Beni peke yake imegawanyika katika zoni kadhaa za afya, zikiwemo Oicha, Mutwanga, Kalunguta, Kamango na Mabalako; mji wa Butembo una mbili, Butembo na Katwa. Zoni ya utawala ilipofutwa, hii ya afya haikuguswa.

Ndiyo maana tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa, dunia ilisikia Mabalako, jina lisilo la sekta wala la usultani, ilhali wagonjwa walikuwa Mangina. Mlipuko huo ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Takwimu zake zote zimepangwa kwa zoni za afya. Atakayezilinganisha na ramani ya teritwari atapotea.

Basi, msomaji mwenye cheti cha zamani cha baba au cha babu asikitupe kwa sababu kimeandikwa zoni, wala asikubali karani akikatae kwa neno hilo. Lilikuwa jina halali la teritwari ya Beni.