Kapitali Bila Banki: Utapata Wapi Makuta ya Kuanza?

Kijana mmoja alinifuata kiisha ibada. "Baba Pasta, miye nataka kufungua butiki. Banki inaomba garanti, na miye sina hata kiwanja. Nifanye namna gani?" Labda wewe pia uko na swali hili.

Hapa Katanga tulizoea kungoja mshahara wa mgodi. Mwaka 2003 ilianza ile "départ volontaire", na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakatoka kazini. Wengine walipokea makuta mengi kwa mara moja, na yakaisha upesi. Kwa hiyo, mbele ya kutafuta franga, kamata karatasi. Andika bei ya mali, transporti, taksi ya soko, na faida itakayobaki. Yule aliyejenga mnara bila kuhesabu alichekwa na watu.

Sasa, makuta yanatoka wapi?

Kwanza, kwako mwenyewe. Wamama wa soko wanajua "karte": unatoa franga kila siku, na mwisho wa mwezi mwenye karte anakurudishia, akibakiza ya siku moja kama mshahara wake. Lakini chagua mtu unayejua nyumba yake!

Pili, likelemba. Watu 10 wakitoa franka 10.000 kila posho, kila posho mmoja anapokea 100.000. Wa kwanza amepata mkopo bila faida. Wa mwisho amejiwekea akiba. Yote inasimama juu ya uaminifu. Mtu akikula na kukimbia, amewaibia wenzake wote.

Tatu, AVEC. Namna hii ilianza kule Niger mwaka 1991. Watu 15 mpaka 25 hivi wanaweka akiba ndani ya kisanduku chenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na kisanduku kwa mtu mwingine. Unaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yako, na unarudisha pamoja na faida kidogo. Mwisho wa mwaka, akiba na faida vinagawanywa kwa wote.

Ine, mali ya kulipa nyuma. Mwenye depo akikujua, anaweza kukupa mifuko miwili ya unga, unauzisha, unamlipa. Lipa siku ile uliyosema, na kesho atakupa mitano.

Lakini jihazari na ile watu wanaita "banki lambert". Si banki, ni mtu anayekopesha kwa faida kubwa. Mama mmoja wa kanisa letu alikamata dolare 100, arudishe 150 nyuma ya mwezi. Mtoto akagonjwa, hakulipa. Mwezi wa pili deni likawa 225. Mashini yake ya kushona ikaenda. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu: "Baba Pasta, nilisikia haya."

Neno lile lilinichoma. Tulikuwa tukiimba naye kila Siku ya Mungu, na hakuona kwetu pa kusemea shida yake.

Wapendwa, yule kijana na wenzake wameanza kisanduku chao. Yule mama anashika ufunguo mmoja. Na ninyi, katika kanisa lenu, mnangoja nini?