Malambo ya Porini: Maji Yanapozaa Njaa

Mwaka 1982 mvua ziligoma kusini mwa Afrika, na ukame ukaendelea hadi 1983. Klaserie, hifadhi ya watu binafsi inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kruger nchini Afrika Kusini, ilipoteza wanyama wala majani kwa wingi wa kutisha. Ajabu ni kwamba maji hayakukosekana. Wenye ardhi walikuwa wamechimba malambo na visima karibu karibu, hata mnyama hakuhitaji safari ndefu kukata kiu. Ndani ya Kruger, ambako vyanzo vya maji viliachana kwa umbali mkubwa, vifo vilikuwa vichache zaidi.

Mwanaikolojia Brian Walker na wenzake walichapisha uchambuzi wa tukio hilo mwaka 1987. Nyati, nyumbu na pundamilia hunywa karibu kila siku, kwa hiyo hawathubutu kulisha mbali na maji. Nyasi zilizo nje ya mwendo wao hubaki bila kuguswa, na hizo ndizo ghala la mwaka mbaya. Ukichimba lambo katikati ya ghala hilo, nyasi zake zitaliwa miaka ya neema. Ukame ukija, maji yapo ila chakula hakuna.

Kenya iliyaona hayo mapema. Katika ukame wa 1970 na 1971, maelfu ya tembo walikufa Tsavo, wengi wao majike na watoto wao, tena si mbali na mito. Mama mwenye ndama hawezi kuyaacha maji kwa muda mrefu. Akabaki hapo hapo, mahali palipokwisha kuliwa hadi magome ya miti, na njaa ikammaliza.

Hata hivyo, mwenye kitalu cha uwindaji ana sababu zake za kuchimba. Msimu wa uwindaji huangukia kiangazi, wakati mito ya msimu imebaki mchanga mtupu na makundi yamehamia kwa jirani. Lambo moja lenye maji mwezi wa Septemba laweza kuwabakiza nyati katika ardhi yake. Hesabu hiyo ni ya kibiashara, wala si ya aibu, maana ada za uwindaji huwalipa askari wa wanyamapori wanaozuia ujangili.

Kazi yenyewe huanza na udongo. Fundi anayeijua kazi huchimba shimo la majaribio, huchota udongo wa chini, huulowesha kidogo na kuuviringisha viganjani mpaka uwe mwembamba kama kalamu, kisha huukunja. Ukikunjika bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha. Ukimomonyoka, maji yatatoroka chini hata katapila ichimbe wiki nzima. Tope jeusi la mbugani huzuia maji vizuri likishalowa, ingawa likikauka hupasuka nyufa za kupitisha mkono. Sakafu hushindiliwa kwa matabaka. Tembo hufanya kazi hiyo bila malipo: hugaagaa, hukanyaga, kisha huondoka na tope mgongoni, na mabwawa mengi ya asili yalipanuka hivyo.

Kina nacho kina hesabu yake. Katika nyika kame, jua na upepo huweza kukausha takribani mita 2 za maji kwa mwaka, hivyo lambo la mita moja haliwezi kuvuka kiangazi. Lakini shimo refu lenye kuta wima ni mtego: ndama huteleza, hushindwa kupanda, hufa humo na kuyachafua maji ya wenzake. Kwa hiyo ukingo huteremka polepole, angalau mita 3 za mlalo kwa kila mita moja ya kina, na kule maji yanakoingilia huwekwa kishimo cha kunasa mchanga.

Maji yakishatulia, wageni huja, na si wale tu waliokusudiwa. Kruger walilijua hilo kupitia korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Mwaka 1986 kaskazini mwa hifadhi hiyo walikuwapo wapatao 450; kufikia 1993 walibaki kama 45. Watafiti waliotafuta chanzo waliviangalia visima. Maji ya kudumu yalikuwa yamewaleta pundamilia na nyumbu katika nyasi ndefu za korongo, na simba wakafuata nyuma yao. Hifadhi ikaanza kufunga visima ilivyovichimba kwa gharama kubwa.

Maji yaliyotuama huleta pia sumu. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa kaskazini mwa Botswana, na serikali ikatangaza kwamba chanzo ni sumu ya sayanobakteria, vijidudu vinavyostawi katika maji ya vuguvugu yenye mbolea nyingi. Kinyesi cha wanyama wengi katika bwawa dogo linalokauka ni mbolea tosha.

Lambo la pampu, zaidi ya hayo, halina likizo. Hwange, Zimbabwe, palikuwa uwanja wa kuwindia wa wafalme wa Wandebele kabla ya kutengwa kuwa hifadhi mwaka 1928. Sehemu kubwa yake ni mchanga wa Kalahari usio na mto wa kudumu. Mlinzi wake wa kwanza, Ted Davison, alianza kuvuta maji ya ardhini, na tembo waliokuwa wachache wakafikia makumi ya maelfu. Leo pampu zikisimama mwezi wa Oktoba, ni maafa. Na hata zikifanya kazi hazitoshi: mwaka 2019 tembo zaidi ya 200 walikufa kwa ukame katika hifadhi za nchi hiyo, wengi wakiwa wa Hwange.

Anayetaka kuchimba, basi, aanze na ramani. Atie alama kila chanzo cha maji, cha kwake na cha jirani, aone ni wapi nyasi zinabaki bila kuliwa, na hapo asiguse. Achague lambo linalojazwa na mvua na kukauka lenyewe badala ya pampu isiyozimwa, na alichimbe mbali na mashamba ya wanakijiji. Na kitalu ambacho tayari kina maji kila baada ya kilomita chache hakihitaji lambo jingine; kinahitaji kufunga baadhi ya yaliyopo.