Mwendesha Mtambo na Mlinzi Wake

Mji wa Gisenyi, ulio katika Wilaya ya Rubavu kaskazini magharibi ya Rwanda, umekaa mahali ambapo kupitisha nyaya za umeme na mabomba ya maji ni kazi ngumu. Mbele yake ni Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake ni milima yenye miteremko mikali. Upande wa magharibi ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni mji wa Goma. Juu ya miji hiyo miwili umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye kimo cha karibu mita 3,470. Katika eneo hilo dogo hupita nguzo, nyaya, mabomba na barabara zinazotegemewa na maelfu ya watu, na mara nyingi askari wa jeshi na wa polisi huitwa kulinda mahali zinapojengwa au zinapotengenezwa. Kwa sababu hiyo inafaa kazi ya mwendesha mtambo ieleweke vema kwa wale wanaosimama karibu naye wakiwa na bunduki au filimbi ya kuongozea magari.

Umuhimu wa nyaya katika sehemu hiyo umeongezeka sana. Ziwa Kivu lina gesi ya methani nyingi chini ya maji yake, na tangu mwaka 1963 gesi hiyo ilianza kuvutwa kwa kiasi kidogo huko Rubona, karibu na Gisenyi, ikatumiwa na kiwanda cha bia. Mwaka 2016 kituo cha KivuWatt, chenye uwezo wa megawati 26, kilizinduliwa katika Wilaya ya Karongi, na baada ya hapo mradi mwingine, uliopangwa kutoa megawati 56, ukajengwa Rubavu. Aidha, Rubavu imeunganishwa na Shango, karibu na Kigali, kwa njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 220. Njia hiyo ni sehemu ya mpango wa kuunganisha gridi za Burundi, Kongo, Kenya, Rwanda na Uganda. Lakini umeme uliozalishwa na kukosa njia ya kupita hauwashi hata taa moja ya zahanati. Kwanza lazima mtu afungue njia, achimbe mashimo, asimamishe nguzo na kuvuta waya.

Mtu huyo ni mwendesha mtambo, ambaye mafundi humwita opereta. Tingatinga husafisha njia na kusawazisha mahali pa kusimamisha nguzo. Mtambo wa kuchimba, ambao wengi huuita kijiko, hufanya mitaro na misingi. Winchi huinua nguzo na ngoma nzito za waya. Kila mtambo una uzito wa tani nyingi, na kila mmoja una hatari yake. Tingatinga likipanda mteremko kwa ubavu laweza kupinduka. Kijiko kikigeuza mkia wake chaweza kumbana mtu aliyesimama nyuma. Winchi ikinyoosha mkono wake mbali mno huku imebeba mzigo, huelemewa, ingawa mzigo huo huo iliuinua bila taabu ulipokuwa karibu.

Ardhi ya Gisenyi nayo ina mambo yake. Penye lava iliyoganda, meno ya kijiko hayafui dafu, na hapana budi kufunga nyundo ya kupasulia mwamba. Mita chache kutoka hapo, udongo waweza kuwa mlaini na kukatika ghafla. Mwendesha mtambo mwenye ujuzi husikiliza sauti ya injini na kuhisi mtikisiko wa mkono wa chuma, akajua kama amegusa jiwe, mzizi au bomba. Hata hivyo, ujuzi huo hautoshi. Kabla ya kijiko kushuka, ni lazima ramani za shirika la umeme, za shirika la maji na za makampuni ya simu zitazamwe, alama ziwekwe juu ya ardhi, na mashimo madogo ya kupimia yachimbwe kwa mkono. Jino moja la kijiko laweza kukata kebo inayolisha hospitali au bomba linalonywesha mtaa mzima. Kanuni hiyo inawahusu pia askari na raia wanaoshika majembe siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa hata sururu yaweza kufika penye kebo.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba mwendesha mtambo haoni kila kitu. Mkono wa mtambo, ndoo yake na mwili wa injini humzuia kuona nyuma, upande mmoja, na chini kabisa karibu na minyororo. Kwa hiyo huwekwa mtu mmoja wa kumpa ishara kwa mikono, naye huwa ndiye macho yake. Kanuni ya kazi hii ni nyepesi kukumbuka: ishara ya kuendelea hutolewa na mtu mmoja tu, lakini ishara ya kusimama yaweza kutolewa na mtu yeyote, naye mwendesha mtambo hana budi kuitii papo hapo. Kibarua aliyeanza kazi asubuhi hiyo ana haki ya kuusimamisha mtambo akiona hatari. Wakati huo huo, afisa mwenye nyota begani hana haki ya kumwambia mwendesha mtambo aendelee, ikiwa mtoa ishara amesema hapana.

Kwa mtu wa jeshi au wa polisi kanuni hiyo yaweza kuonekana ngeni, maana amezoea kwamba amri hushuka kutoka juu. Lakini akitafakari ataona kwamba si ngeni hata kidogo. Katika uwanja wa kulenga shabaha, yeyote anayeona hatari hupaza sauti ya kusimamisha ufyatuaji, na hakuna anayeuliza cheo chake kwanza. Mahali pa mitambo ni kama uwanja huo. Mlinzi anayetaka kupita karibu na mtambo hana budi kusimama mbali, kumtazama mwendesha mtambo usoni, na kungoja ndoo iteremshwe chini ndipo apite.

Hatari kubwa kuliko zote ni nyaya zilizo juu. Umeme wa msongo mkubwa hauhitaji kuguswa. Waweza kuruka hewani ukakifuata chuma kilichokaribia. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka winchi ikae umbali wa futi 10 au zaidi, yaani kiasi cha mita 3, kutoka kwenye waya usiozidi kilovoti 50, na futi 20, yaani kiasi cha mita 6, kutoka kwenye waya wa zaidi ya kilovoti 200 hadi 350. Kila nchi ina vipimo vyake, lakini maana yake ni moja. Wako wanaodhani kwamba magurudumu ya mpira humkinga mwendesha mtambo. Dhana hiyo imewaua watu. Mpira wa gurudumu haukuundwa kuzuia umeme wa namna hiyo. Waweza kupata moto na kupasuka, hata baada ya waya kuondolewa.

Mtambo ukigusa waya, mara nyingi wa kwanza kufika ni askari. Jambo la kwanza analopaswa kufanya ni kujizuia. Asikimbilie mtambo na asimguse aliyeanguka karibu nao. Umeme unapoingia ardhini husambaa pande zote, nguvu yake ikiwa kubwa karibu na mtambo na kupungua kadiri ya umbali. Mtu anayepiga hatua ndefu huweka mguu mmoja penye nguvu kubwa na wa pili penye nguvu ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayopitisha umeme mwilini mwake. Kwa hiyo watu wazuiwe wasikaribie umbali wa angalau mita 10, na mbali zaidi ikiwa njia ni ya msongo mkubwa. Shirika la umeme liarifiwe mara moja. Mwendesha mtambo aambiwe kwa sauti abaki ndani ya kibanda chake. Ila kama mtambo unawaka moto, na hana njia nyingine, aruke mbali, miguu yote miwili pamoja, bila kushika mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuta nyayo hatua fupi fupi, mguu usiachane na mguu. Tena, waya ulionyamaza usichukuliwe kuwa umekufa. Njia nyingi za umeme zina mitambo inayojaribu kuuwasha tena wenyewe baada ya kukatika. Hakuna anayeruhusiwa kukaribia mpaka mafundi wa shirika wathibitishe kwamba umeme umezimwa na waya umeunganishwa na ardhi.

Mtaro nao huua kimya kimya. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hushindwa kuvuta pumzi ingawa kichwa kiko nje. Ndiyo sababu mtaro wenye kina cha mita 1.5 au zaidi hutakiwa kuegemezwa kwa mbao au chuma, au kingo zake kulazwa, na udongo uliochimbwa kuwekwa mbali na ukingo. Katika eneo la kaskazini ya Ziwa Kivu kuna hatari nyingine ambayo wenyeji waliipa jina la mazuku. Hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na mashimoni. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mwenzake akianguka ndani ya shimo bila sababu ya kuonekana, asiyejua humfuata ili amwokoe, na wote wawili hubaki humo. Anayejua hubaki juu, huita msaada wenye vifaa vya kupumulia, na huzuia wengine wasishuke.

Matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha jinsi ardhi hiyo isivyotulia. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na kwa siku kadhaa matetemeko yalizipasua nyumba na barabara za Gisenyi na Goma. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na Mto Sebeya ukafurika katika Wilaya ya Rubavu. Baada ya misiba ya namna hiyo, kila mmoja hutaka umeme na maji yarudi leo hii. Hapo ndipo mwendesha mtambo hufanya kazi usiku na mchana, juu ya udongo uliolowa na chini ya nyaya zilizolegea, na hapo ndipo kumharakisha kunapoweza kuleta msiba wa pili.

Kadhalika, sehemu hiyo ilipitiwa na vita vya miaka ya 1990. Mwaka 2009, katika mkutano wa Cartagena, Colombia, Rwanda ilitangaza kuwa imemaliza kusafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini. Jambo hilo ni la kujivunia. Hata hivyo, kombora lililosahaulika laweza kufukuliwa popote vita vilipopita. Kijiko kikitoa chuma cha kutiliwa shaka, mtambo husimama, watu huondoka, na wataalamu wa jeshi huitwa. Askari mlinzi asikiokote ili kuonyesha ushujaa.

Ni dhahiri basi kwamba ulinzi wa mahali pa ujenzi si kuwafukuza wezi wa nyaya tu, ingawa wizi huo nao ni adui wa wananchi. Ni pia kuzuia magari na watazamaji, kujua nani anatoa ishara, kujua namba ya simu ya shirika la umeme kabla ya ajali kutokea, na kuheshimu neno la fundi anayesema kazi isimame. Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Umeme uliochelewa kwa siku moja bado utawaka kesho yake, lakini mwendesha mtambo aliyeuawa kwa amri ya haraka hawezi kurudishwa na amri yoyote. Kila askari atakayepangwa kulinda kazi hiyo, Rubavu au kwingineko, na aanze zamu yake kwa kuuliza swali moja: nani hapa anatoa ishara? Akishalijua jibu, na ajue pia kwamba siku atakapoona hatari, ishara ya kusimama ni yake.