Puani Hadi Ubongoni: Nani Anavuna Katika Biashara ya Matone Mawili?

Mwaka 2024 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani iliuza dawa iitwayo Spravato kwa zaidi ya dola bilioni 1. Ni dawa ya sonona kwa wagonjwa ambao vidonge havikuwasaidia, na haimezwi wala haidungwi, bali hupulizwa puani. Kiini chake ni esketamini, mojawapo ya sura mbili za molekuli ya ketamini, ile dawa ya usingizi ambayo kila daktari wa upasuaji katika hospitali zetu za wilaya anaifahamu. Ketamini ni dawa kongwe, haina hataza tena na bei yake ni ndogo. Lakini Spravato ilipoingia sokoni Machi 2019, dozi ya miligramu 56 ilitangazwa kwa dola 590 na ya miligramu 84 kwa dola 885. Anayetaka kuielewa biashara ya kupeleka dawa ubongoni kwa njia ya pua aanzie hapo. Kilichouzwa ni sura moja ya molekuli ya zamani, kipulizio, majaribio ya kitabibu na usajili.

Ubongo ni mteja mgumu. Mishipa midogo ya damu inayoulisha imejengwa kwa seli zilizobanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipenyi. Mjerumani Paul Ehrlich aligusa jambo hilo mwaka 1885 alipodunga rangi kwenye miili ya wanyama: viungo vingine vikabadilika rangi, ubongo ukabaki ulivyo. Kwa makadirio yanayonukuliwa sana katika fani hii, ya mtafiti William Pardridge wa California, takriban asilimia 98 ya dawa zenye molekuli ndogo hazivuki kizuizi hicho. Kwa zenye molekuli kubwa, kama protini, karibu zote hushindwa. Kampuni inaweza kumaliza miaka kumi ikitengeneza dawa inayofanya kazi vizuri maabara, kisha ikagundua kwamba haifiki inakotakiwa kufika.

Pua ina upenyo. Juu kabisa ya tundu lake, chini ya sakafu ya fuvu, neva ya kunusia hutokeza ncha zake, na shina lake limo ubongoni. Neva ya trijemini, ile inayotuwasha pilipili inapotupalia, nayo ina matawi humo. Kwamba njia hii ipo si nadharia tupu: amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayeua waogeleaji katika maji ya uvuguvugu, huingia ubongoni kwa kuifuata neva ya kunusia. Mwaka 1989 mtafiti William Frey wa Minnesota aliomba hataza ya kuitumia njia hiyo kwa dawa, na tangu hapo mtaji umekuwa ukimiminika huko, kwa vipindi.

Ugumu unaanza kwenye ujazo. Mpulizo mmoja wa kipulizio cha kawaida cha dozi moja una mililita 0.1, yaani kama matone mawili. Ukizidisha sana, dawa inachuruzika kooni na mgonjwa anaimeza. Hata matone hayo mawili hayakai. Ute wa pua unasukumwa nyuma muda wote na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na baada ya dakika 15 hadi 20 sehemu kubwa ya kilichopulizwa huwa imefagiliwa. Isitoshe, eneo la kunusia liko juu na nyuma, mahali ambapo mpulizo wa kawaida haufiki vizuri. Kwa binadamu eneo hilo halizidi asilimia 10 ya uso wa ndani wa pua, wakati kwa panya linakaribia nusu. Tofauti hiyo imewagharimu wawekezaji wengi. Dawa inayofurika kwenye ubongo wa panya inaweza kuufikia ubongo wa mtu kwa kiasi cha kusikitisha.

Hapa ndipo teknolojia ya nano inapopewa kazi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unene wa unywele wa kichwa ni kama nanomita 80,000 hadi 100,000. Mtaalamu huifungia dawa ndani ya chembe ambazo mara nyingi hazizidi nanomita 200, zilizotengenezwa kwa mafuta, kwa polima ya aina ile ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini, au kwa kitosani, inayotoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Chembe hizo hubeba dawa isiyoyeyuka kwenye maji na kuifanya itoshe katika yale matone mawili. Huikinga dhidi ya vimeng'enya vya pua. Na kitosani, kwa kuwa ina chaji chanya ya umeme, hunata kwenye ute, hivyo kuipa dawa dakika za ziada kabla ya kufagiliwa. Magamba hayo katika masoko yetu ya samaki huishia jalalani. Kwingineko ni malighafi ya viwanda vya dawa na vipodozi.

Miongoni mwa waliolisogeza jambo hili karibu zaidi na soko ni Ijeoma Uchegbu, profesa mwenye asili ya Nigeria aliyesoma famasia Chuo Kikuu cha Benin kabla ya kwenda Uingereza. Akiwa University College London, yeye na Andreas Schätzlein walianzisha kampuni ya Nanomerics, wakatengeneza chembe za kitosani iliyorekebishwa zinazobeba enkefalini, kituliza maumivu ambacho mwili wenyewe hukizalisha. Enkefalini ikiingia kwenye damu huvunjwa haraka na ubongoni haifiki; ndani ya chembe hizo, kwa njia ya pua, katika wanyama ilifika. Mwaka 2019 haki za dawa hiyo zilikodishwa kwa kampuni ya Marekani, Virpax. Mkataba wa namna hiyo ndio sura halisi ya sekta kwa sasa: chuo kikuu kinavumbua, kampuni ndogo inakodi, na wote wawili wanamsubiri mwenye mtaji mkubwa alipie majaribio kwa binadamu.

Wasomaji wanaouliza kama wanunue hisa za kampuni hizi wanastahili jibu la wazi. Hadi leo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijasajili hata dawa moja ya chembe nano inayopita puani kwenda ubongoni. Zinazoingiza fedha ni za aina nyingine. Spravato, pamoja na Narcan inayomzindua aliyezidiwa na heroini, Nayzilam na Valtoco za kifafa, na Zavzpret ya Pfizer ya kipandauso, zote zinategemea utando wa pua kuingia kwenye damu, na ni damu inayozisafirisha. Pua imetumika kuharakisha safari au kumwondolea mgonjwa sindano. Neva ya kunusia haina mchango mkubwa hapo. Matangazo ya wauza hisa huzichanganya njia hizi mbili, na mchanganyiko huo unawafaa wauzaji.

Angalia nani hasa amevuna. Naloksoni, dawa iliyomo ndani ya Narcan, iliruhusiwa Marekani tangu 1971. Ilipowekwa kwenye kipulizio na kusajiliwa mwaka 2015, thamani yake ilibadilika kabisa: mwaka 2018 kampuni ya Emergent BioSolutions ilikubali kuinunua Adapt Pharma, mmiliki wa Narcan, kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 735. Kipulizio chenyewe hutengenezwa na AptarGroup ya Illinois, kampuni ileile inayotengeneza vifuniko na vipulizio vya manukato na chupa za vyakula. Mapato yake ya mwaka yanapita dola bilioni 3.5, na kitengo cha dawa ndicho kinacholeta faida kubwa kuliko vingine. Dawa ya puani husajiliwa pamoja na kipulizio chake. Kampuni ya dawa ikishapata kibali, kubadilisha kipulizio ni kujitafutia majaribio mapya, kwa hiyo mtengenezaji wa kipulizio anaendelea kulipwa kwa kila dozi miaka nenda, miaka rudi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote katika mnyororo huu.

Upande wa waliojaribu njia ya neva yenyewe kuna mafunzo machungu. Jaribio kubwa la kumpulizia insulini mgonjwa wa Alzheimer, lililoongozwa na Suzanne Craft na kuchapishwa mwaka 2020, lilikuwa na washiriki 289, uniti 40 kwa siku, kwa mwaka mzima. Kipulizio cha kwanza kilileta hitilafu, ikabidi kibadilishwe katikati ya safari. Washiriki 49 walikuwa wameanza na cha awali, na 240 wakatumia kipya. Katika kundi kubwa, insulini haikushinda dawa bandia. Katika lile dogo zilionekana dalili za nafuu, ila watu 49 hawatoshi kusajili dawa. Matumaini ya miaka mingi yalikwama kwenye kifaa, na wagonjwa waliojitolea mwaka mzima hawakupata jibu waliloahidiwa.

Kipulizio hicho kipya kilikuwa cha kampuni ya Impel ya Seattle, iliyotumia gesi kurusha dawa hadi sehemu ya juu ya pua. Impel iliingia soko la hisa Aprili 2021 kwa dola 15 kwa hisa, na Septemba mwaka huohuo ikapata kibali cha Trudhesa, dawa ya kipandauso. Teknolojia ilikuwepo, kibali kilikuwepo. Mauzo hayakutosha kulipa madeni, na Desemba 2023 ikaomba kinga ya mufilisi. Kibali hakiwi fedha mpaka kampuni za bima zikubali kulipia na madaktari waandike dawa hiyo, na kampuni yenye bidhaa moja mara nyingi haina pumzi ya kusubiri.

Washindani wa njia ya pua nao hawalali. Roche inajaribu kingamwili iitwayo trontinemab, iliyounganishwa na kipande kinachoipitisha kwenye kizuizi cha ubongo kupitia damuni. Oktoba 2024 AbbVie ilitangaza kuinunua Aliada, kampuni yenye teknolojia ya aina hiyohiyo, kwa dola bilioni 1.4. Fedha kubwa kwa sasa zinakwenda huko, maana dawa za Alzheimer zinazotiwa kwa dripu tayari zina bei: Leqembi ilianza kwa dola 26,500 kwa mwaka Marekani. Kwa hesabu za WHO, mwaka 2021 walikuwepo watu milioni 57 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dripu ya bei hiyo haitawafikia. Kipulizio kinaweza kuwafikia siku moja, na hiyo ndiyo sababu ya kutoipuuza pua hata baada ya Impel.

Afrika Mashariki si mgeni kabisa katika tiba za nano. Katika jaribio la AMBITION lililochapishwa mwaka 2022, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta ilitibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokoka sawa na wiki nzima ya amfoterisini ya zamani, tena kwa madhara machache. WHO iliuweka utaratibu huo kwenye mwongozo wake mwaka huohuo. Mtengenezaji, Gilead, alikuwa ametangaza mwaka 2018 bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi zetu, ingawa upatikanaji ulisuasua. Na Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Profesa Hulda Swai amekuwa akifanya utafiti wa kufungia dawa kwenye chembe nano baada ya miaka ya kazi hiyo Pretoria. Utaalamu tunao. Kinachokosekana ni kiwanda cha kuzalisha chembe zenye ukubwa uleule, zisizo na vijidudu, kwa maelfu ya dozi, na hicho hakijengwi kwa ruzuku ya utafiti peke yake.

Wakati tukisubiri nano, kuna jambo la pua linaloweza kufanyika bila kungoja. Mtoto mwenye degedege au kifafa kisichokatika akifikishwa zahanati, kawaida hupewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, au mhudumu huhangaika kutafuta mshipa kwenye mkono unaotetemeka. Midazolamu ya puani, kwa mujibu wa majaribio ya nchi mbalimbali, hufanya kazi sawa na hiyo au kuizidi. Haihitaji Nayzilam, yaani midazolamu iliyokwishawekwa kwenye kipulizio. Inahitaji midazolamu ya ampuli iliyopo tayari kwenye vyumba vya upasuaji, na kifaa kidogo cha dola chache kinachofungwa kwenye bomba mahali pa sindano ili kuifanya dawa itoke kama ukungu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban miligramu 2. Kwa ampuli yenye miligramu 5 kwa mililita hiyo ni mililita 0.4, inayogawanywa matundu mawili. Kwa ampuli hafifu ya miligramu 1 kwa mililita ni mililita 2, na nyingi itaishia kooni. Kwa hiyo wanaoandika zabuni za bohari za dawa za umma, MSD ya Tanzania na KEMSA ya Kenya, waangalie nguvu ya ampuli kabla ya kuangalia bei. Waagize pamoja na kile kifaa, na watenge fedha za kumfundisha mhudumu kufuatilia upumuaji wa mtoto baada ya dozi. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, iliyokuwa ya kwanza Afrika kufikia kiwango cha 3 cha WHO cha udhibiti wa dawa mwaka 2018, ina uwezo wa kupitia ushahidi na kutoa mwongozo. Ifanye hivyo mwaka huu.