Pia ya Dunia na Mafuriko ya Mathare

Kila Mto Mathare unapofurika na kusomba nyumba za mabati, kama ilivyokuwa Aprili 2024, huzuka hoja ile ile: tabianchi ilibadilika tangu kale, kabla ya magari na viwanda, basi moshi unasingiziwa tu. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na ushahidi wake umo humu humu Kenya. Dunia huyumba kama pia, na mhimili wake humaliza duara moja kwa takriban miaka 26,000. Umbo la njia yake kulizunguka Jua nalo hugeuka polepole. Leo Dunia hulikaribia Jua zaidi mwezi Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ililikaribia katikati ya mwaka. Kiangazi cha kaskazini kikapata jua kali, pepo za msimu zikavuta unyevu mwingi, na Ziwa Turkana likapanda makumi ya mita hadi kumwagikia bonde la Nile. Katika vilima vya Baringo, tabaka nyeupe za mabaki ya mwani, zenye umri wa miaka milioni 2.6 hivi, zaonyesha maziwa yakijaa na kukauka kila baada ya miaka 23,000 hivi.

Hitimisho ndilo linaloteleza. Mizunguko hii hupigiwa hesabu, na hesabu haiungi mkono joto la leo: kaskazini hupata jua la kiangazi pungufu kuliko enzi ya Turkana iliyofurika, ilhali Dunia imeongeza joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19. Mtu atauliza: mbona msukumo wa polepole uliwahi kukausha maziwa upesi? Uliwahi, lakini baada ya maelfu ya miaka ya kusukuma upande mmoja. Hewa iliyonaswa katika barafu ya Antaktika nayo yaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kaboni dayoksaidi, gesi ya moshi ule inayonasa joto, haikuzidi sehemu 300 kwa milioni. Sasa imepita 420.

Anayelaumu ujenzi wa kando ya mto na mitaro iliyoziba hakosei, kwa kuwa mipango ya mji ndiyo huamua maji yatamkuta nani. Ila kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo hushuka kwa kishindo. Anayepima mtaro wa Mathare kwa mvua za enzi za babu yake, akitumaini mizunguko ya kale itarudisha mambo, anasubiri pia inayosogea digrii moja kwa miaka 72.