Mizani ya Bonde: Naivasha, Mau, Baringo na Njoro

Wamarekani wana ada ya kuyalinganisha majimbo yao kwa mizani mbili, ya kwanza ikipima mali inayotoka katika jimbo, na ya pili ikipima wingi wa sura za maumbile yake, yaani milima, majangwa, misitu na fukwe. Na aghalabu California ndiyo itajwayo mbele kwa mizani zote mbili, kwa kuwa uchumi wake hauna mshindani katika majimbo yote 50, na ndani ya mipaka yake umo mlima Whitney wenye kimo cha mita 4,421, na masafa yasiyotimia kilomita 150 kutoka mlima huo limo bonde la Death Valley, ambalo sakafu yake imezama mita 86 chini ya usawa wa bahari. Walakini Iowa, ambayo ardhi yake ni mashamba yanayofanana upande hadi upande, ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza nchi nzima kwa mahindi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba wingi wa sura ndio utajiri, wala kwamba ufanani wa sura ndio umaskini. Hana budi kuiuliza kila nchi peke yake, tena kwa subira, imeipataje thamani iliyo nayo.

Nchi ninayotaka kuiuliza hapa ni Bonde la Ufa la kati, tangu Naivasha, kupitia Nakuru, hata ziwa Baringo, pamoja na nyanda za juu za Mau zinazoliinamia bonde hilo kwa upande wa magharibi. Gari huweza kuukata urefu wake wote kati ya asubuhi na alasiri, na katika mwendo huo mfupi msafiri huona mashamba ya waridi yaliyofunikwa kwa plastiki, mvuke ukifuka katika magenge ya Olkaria, maziwa ya magadi, ngano, kasoko ya Menengai yenye upana wa kilomita 12 kwa 8, mkonge wa Mogotio, kisha mbuga kavu za migunga, na hatimaye ziwa la maji baridi lenye mamba na viboko. Juu ya Mau kimo cha nchi hupita mita 3,000, na ukingoni mwa Baringo ni takriban mita 1,000 tu. Molo, huko Mau, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Marigat, karibu na ziwa Baringo, hupata kiasi cha 650, ilhali jua la huko lina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000 katika muda huo huo.

Asili ya tofauti hizi zote ni moja, nayo ni kule kuvutwa kwa gamba la dunia. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyefika Baringo mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake miaka mitatu baadaye, ndiye aliyeeleza kwa ushahidi wa mawe kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto wowote, bali nchi ilipasuka kwa mistari miwili na kipande cha katikati kikadidimia. Elimu ya leo imeongeza kwamba bara la Afrika limegawanyika hapa katika mabamba mawili yanayoachana kwa milimita chache kila mwaka, na kwamba kabla ya kupasuka, na hata wakati wa kupasuka, nchi hii iliinuliwa kutoka chini na joto la kina kirefu. Ndiyo maana sakafu ya bonde si tambarare. Kilele chake kiko Naivasha, ambako ziwa limekaa katika kimo cha karibu mita 1,890, na kutoka hapo sakafu hushuka kwa ngazi upande wa kaskazini, Elmenteita, Nakuru, Bogoria, Baringo, hata kufikia Turkana. Na upande wa kusini hushuka hadi Magadi, chini ya mita 700.

Ajabu ya ngazi hiyo huonekana zaidi katika maji. Hakuna hata moja katika maziwa haya lenye mto unaotoka juu ya ardhi kuelekea baharini, na kwa kanuni ya kawaida yote yangepasa kuwa ya chumvi, maana jua hunyakua maji na kuacha madini nyuma. Lakini Naivasha, kwa kuwa liko kileleni, huvuja chini kwa chini kupitia miamba ya volkano iliyojaa nyufa, na kwa uvujaji huo hujitakasa, na kadhalika Baringo. Nakuru, Elmenteita na Bogoria hazikupata mlango wa namna hiyo, na magadi yamejikusanya humo hata maji yakawa makali kiasi kwamba samaki wengi hawayawezi, ilhali mwani mdogo mno wa jamii ya spirulina huyapenda na kustawi; na mwani huo ndio chakula cha heroe wadogo, wale flamingo wa rangi ya waridi walioifanya Nakuru ijulikane duniani. Hifadhi ya ndege ilianzishwa hapo mwaka 1961, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 maziwa hayo matatu yakatiwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hivyo kasoro ya ziwa moja, yaani kukosa njia ya kutokea, ndiyo iliyokuwa riziki ya mahoteli na madereva wa watalii. Na ubora wa ziwa la pili, yaani kuvuja kwake, ndio uliowezesha mashamba ya maua kumwagilia bila ya kuichoma mizizi kwa chumvi.

Ikiwa twapima kwa fedha peke yake, Naivasha hatutaipatia mpinzani. Waridi hutaka mchana wenye jua la kutosha mwaka mzima na usiku wenye baridi ya wastani, na mahali palipo karibu na ikweta katika kimo cha mita 1,900 hupata vyote viwili bila ya gharama. Maua yakatwayo alfajiri huweza kufika uwanja wa ndege wa Nairobi siku ile ile na kuuzwa Uholanzi muda si mrefu baadaye. Huko Olkaria mvuke ulianza kutafutwa mwaka 1956, visima vya mwanzo visifanikiwe, na kazi ikaachwa hata ikarudiwa katika miaka ya 1970. Mtambo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 15, ukaanza kufanya kazi mwaka 1981. Leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, na sehemu iliyo kubwa mno hutoka hapo Olkaria. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka kingo za bonde huzama katika nyufa, hukutana na mawe yaliyopashwa moto na volkano zisizokufa, kisha hurudi juu kama mvuke wenye nguvu ya kuzungusha mitambo. Menengai nayo imeanza kutoa umeme tangu 2023, na huko wachimbaji walipata jambo lililowashangaza hata mabingwa wa fani hiyo, kwamba visima kadhaa viligonga mwamba ulioyeyuka katika kina cha kilomita 2 na ushei. Watu wa Nakuru wanalala, wanafanya biashara na kusomesha watoto wao juu ya tanuri, na tangu tarehe 1 Desemba 2021 mji huo una hadhi ya jiji.

Kupanda Mau ni kuingia katika hesabu nyingine. Pareto, ua jeupe linalofanana na ua la shambani lisilo na thamani, lina sumu inayoua wadudu bila ya kumdhuru mwanadamu sana, na halichanui vyema ila likipata baridi. Kwa hiyo mkulima wa Molo, katika ukungu ambao mgeni huulalamikia, alikuwa na kiwanda cha sumu kilichojengwa na kimo cha nchi. Kabla ya Vita Kuu vya pili Japani ndiyo iliyokuwa ikiiuzia dunia pareto. Vita vilipoifunga biashara ya Japani, Kenya ikashika nafasi hiyo na kudumu nayo kwa miongo mingi, hata usimamizi mbaya na kucheleweshwa kwa malipo ya wakulima kulipoiangusha. Naona uchungu kila nikiliwaza jambo hili, maana baridi haikuondoka Molo, wala udongo haukuchoka. Kilichoondoka ni uaminifu baina ya mnunuzi na mkulima, na hicho hakimo katika ramani yoyote ya maumbile.

Nami nataka kukaa zaidi Baringo, kwa sababu huko ndiko mizani zetu zinakoonyesha udhaifu wake. Katika hesabu za leo sehemu hiyo huandikwa kuwa kame na maskini, nchi ya asali, mbuzi na misaada ya chakula. Lakini katika karne ya 19, wakati Nakuru haikuwa mji na Naivasha haikuwa na hata ua moja la kuuza, misafara ya pwani iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu iliijua Baringo kama ghala. Wailchamus, ambao watu wa pwani waliwaita Wanjemps, walikuwa wamechimba mifereji ya kuyatoa maji ya mito na kuyapeleka katika mashamba ya nafaka, na misafara ilipumzika kwao, ikanunua chakula, kisha ikaendelea na safari kwa moyo mkunjufu. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyefuatana na mpelelezi Joseph Thomson mwaka 1883 na baadaye na Count Teleki, aliijua njia hiyo kabla ya Mzungu yeyote kuiandika. Mtu aliyetoka nyika ya Wamaasai akiwa na wapagazi mamia wenye njaa angeulizwa ni wapi penye thamani kubwa katika bonde zima, asingetaja penginepo.

Reli ndiyo iliyoipindua mizani. Ilifika Nakuru mwaka 1900, ikamaliza safari yake Kisumu katika Desemba 1901, na kwa kuwa ilipita juu ya Mau ikaiacha Baringo kando, ghala la jana likawa pembe ya nchi. Mwaka 1904 Wamaasai wakaondolewa kwa mkataba katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili nafasi hiyo wapewe walowezi, na hapo ndipo sehemu hizo zilipoanza kuitwa zenye umuhimu wa kiuchumi. Hapana budi jambo hili litajwe pamoja na rutuba na mvua, maana wanaosoma takwimu za mazao huweza kudhani kwamba ardhi ndiyo iliyochagua wenyewe wake.

Tena maji hayatambui mipaka ya hesabu zetu. Nakuru hunywa sehemu ya maji yake kutoka mto Turasha, ambao kwa asili humiminika katika Malewa na kulishibisha ziwa Naivasha. Na mito Njoro, Makalia na Nderit, inayoliendesha ziwa Nakuru, huzaliwa katika msitu wa Mau, ambao katika daftari la mauzo hauonekani kuleta kitu kikubwa. Wamarekani waliupata mtihani huu huu katika ziwa Mono la California, ziwa la chumvi lisilo na mto wa kutokea kama letu, katika nchi iliyovutwa na kupasuka kama yetu: mji wa Los Angeles ulianza kuyachukua maji ya vijito vyake mwaka 1941, na katika miaka 40 ziwa likashuka zaidi ya mita 13, hata mwaka 1994 mamlaka ya maji ya jimbo ikaamuru lirudishiwe sehemu ya haki yake. Huku kwetu tangu kiasi cha mwaka 2010 mambo yamekwenda kinyume, maziwa yamepanda, lango la mbuga ya Nakuru likamezwa, magadi yakachujuka na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko, na makazi ya watu pembeni mwa Baringo yakafunikwa na maji. Mvua nyingi ndiyo sababu kubwa. Lakini mlima uliokatwa miti huzidi kuachilia maji na udongo kwa pupa, kisha huyanyima wakati wa kiangazi, na anayelipa si yule aliyeukata.

Limebaki neno la Njoro, mji mdogo ambao hauna ziwa wala kasoko. Mlowezi Lord Delamere alipewa hapo ekari 100,000, akaleta kondoo, na kondoo wengi wakafa katika majani yaliyoonekana mazuri kwa macho. Udongo wa majivu ya volkano katika sehemu za Nakuru umepungukiwa na kobalti, chembe ambayo mnyama mwenye kucheua hawezi kuishi bila yake, na siri hiyo haikufichuliwa na wataalamu wa Australia ila mwaka 1935. Delamere akageukia ngano, ikashambuliwa na ugonjwa wa kutu, kwa kuwa baridi na umande wa Njoro huulea ugonjwa huo misimu yote. Kituo cha kuzalisha mbegu kikafunguliwa hapo mwaka 1927 kupambana nao. Kisha mwaka 1998 ikaonekana Uganda aina mpya ya kutu ya shina, iliyopewa jina la Ug99, iliyoweza kuvunja kinga ya ngano ya sehemu kubwa ya dunia, nayo ikavuka hadi Kenya. Na mwaka 2005 Norman Borlaug, mzaliwa wa Iowa aliyetunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 1970, akaja Kenya akiwa mzee wa miaka 91 kuonya juu ya hatari hiyo. Tangu hapo mbegu hutumwa Njoro kwa maelfu ya aina, kutoka Marekani, India, Mexico na kwingine, zikapandwa misimu miwili kwa mwaka katikati ya kutu iliyoachwa makusudi ienee, na ile isiyostahimili baridi, umande na ugonjwa wa nchi hii huondolewa katika orodha kabla haijamfikia mkulima wa Kansas.